Uongo Njoo, Mnauogopa Nini?

Nimechoka. Kila msimulizi akijikatiza katikati ya riwaya ili aseme na msomaji kuhusu usimulizi wenyewe, lazima atokee mtu wa kuguna: "Mambo ya Wazungu haya." Ya Wazungu? Mtoto wa Mikindani aliyekaa mkekani, akijibu "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea", ameshaafikiana na mwongo wake kabla sungura hajatokea. Uongo kauagiza mwenyewe! Na tendi je? Mshairi anaanza kwa kuagiza wino na karatasi, anamaliza kwa kutaja jina lake, mwaka, pengine na idadi ya beti. Mwandishi Euphrase Kezilahabi alipotoa Nagona, riwaya yake ya majaribio, mwaka 1990 hakukuta uwanja mtupu.

Haya, nakubali kwa shingo upande: wengi wanaoujaribu mtindo huu wanaboronga. Msimulizi anakatiza, halafu hakuna kinachobadilika. "Msomaji mpenzi, hii ni hadithi tu." Ahsante, tulidhani ni risiti ya luku.

Chukua mfano wa ghala la chama cha msingi cha ushirika wa wakulima Newala, msimu wa korosho. Gunia linapandishwa mzanini, karani anaandika kilo 78. Kurasa mbili mbele msimulizi anakatiza: "Niliandika 78 kwa sababu karani alisema 78. Mzani wenyewe sikuuona." Hapo kila namba iliyopita inaingia doa, msomaji anarudi nyuma kuhesabu magunia, na neno wizi halijatajwa popote. Lakini mtego huo hutegwa mapema. Ile 78 ipitishwe kimyakimya ndani ya sentensi isiyo na makuu, na msimulizi awe ameshasema "mimi" walau mara moja katika kurasa za mwanzo. Ukimwibua ukurasa wa 90, ataonekana mwandishi aliyekwama anayeomba msaada. Wala asikatize mkulima akiwa analia. Utaua kilio na mzaha pamoja. Ngoja tukio litulie. Kwa riwaya fupi mara tatu zinatosha, na ukitaka ya nne, basi ikanushe mojawapo ya zile tatu.

Mwandishi kujitia mwenyewe humo kama mhusika, kwa jina lake? Acha, labda uwe tayari kujiaibisha.

Wahariri nanyi, hizo "mimi" mnazozifuta si makosa ya nafsi. Na nyie wa kuguna: siku bibi wa Masasi atakapofika penye utamu, akanyamaza, akauliza, "Niendelee, au mmelala?", mwambieni aache mambo ya Wazungu.