Deli la sampuli lilivyotukimbizia dereva

Ukitaka kujua ubishi ni kitu gani chukua wasomi watatu, mtu wa mawe, mtu wa maji na mtu wa ndege, waweke kwenye Land Cruiser moja yenye AC mbovu halafu wapeleke Ziwa Natron mwezi wa 10. Mimi ndo nilikuwa kibarua wao. Kazi yangu kubeba, kuosha chupa, kuandika lebo na kukaa siti za nyuma zile za kutazamana nimeshikilia deli la sampuli lisirukeruke, maana ile barabara ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Ngare Sero kupitia Engaruka anayeijua anaijua.

Kilichonipa ile kazi kusema ukweli ni meno. Mimi mtoto wa Ngarenanyuki, chini ya Mlima Meru, na sisi wa kule ukicheka tu mtu anajua ulikunywa maji ya wapi utotoni. Meno kahawia. Mawe ya volkano yanaachia floraidi kwenye maji, mtoto anakunywa wakati meno bado yanaota, basi ndo imetoka hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, kwetu kuna vyanzo vinaupita huo mstari bila hata kupiga honi. Sasa Dokta wa Maji siku ya kunihoji hakuangalia cheti, alikuwa anaangalia mdomo tu, na tangu hapo kila tukikutana na mgeni ananitambulisha, "huyu kijana wetu wa hapa hapa Arusha, hebu cheka kidogo wakuone." Na mimi nacheka, nifanyeje, posho yake inalipwa jioni ile ile.

Haya tukafika ziwani asubuhi. Nyie mliozoea kuona Natron kwenye picha, ile rangi nyekundu na pinki, mjue kwamba ukiwa pale mwenyewe kinachokupokea ni harufu na joto. Maji yana pH ya 10 na zaidi (hicho ni kipimo cha asidi na magadi, 7 ndo katikati, chini yake asidi, juu yake magadi), kina hakifiki hata mita 3, na ukingoni kuna tope lenye gamba la magadi juu ambalo likikuona linajifanya sakafu. Dokta wa Ndege akatuonya mapema kabisa, akatusimulia habari za Leslie Brown, yule mtaalamu wa ndege wa miaka ya 1950, alitaka kufika kwenye viota vya flamingo kwa miguu, gamba likawa linakatika, magadi yakaingia kwenye mabuti yakamuunguza miguu mpaka akalazwa hospitali na kubandikwa ngozi. Akamaliza kusimulia. Mtu wa Mawe akasema ahsante kwa historia, akapiga hatua mbele, akazama mpaka gotini.

Tulimvuta. Yeye alitoka, gambuti la kushoto likabaki. Mpaka leo liko kule, na kwa hayo magadi nadhani wajukuu wetu watalikuta na namba yake ya 43.

Ndo maana flamingo wanapapenda pale jamani, siyo uzuri wa mandhari. Fisi haendi, mbweha haendi. Kama robo tatu ya heroe wadogo, ndo hao flamingo wadogo, wote wa duniani wanaanguliwa hapo hapo, juu ya vichuguu vya tope katikati ya maji yanayochubua ngozi ya mtu mzima. Siku hiyo walikuwa upande wetu wengi tu, Dokta wa Ndege ametega darubini, ana kile kimashine cha kubofya kwa dole gumba, anahesabu kwa makumi, hataki mtu akohoe. Kashafika mbali, jasho linamtoka, mdomo unaenda wenyewe. Upande wa pili Mtu wa Mawe na soksi yake kaona jiwe limempendeza akatoa nyundo. Ko! Ko! Ko! Wote wakaruka. Yani anga lote likawa pinki, mimi nikasema waoo, Dokta wa Ndege akakaa chini kwenye mchanga hakusema kitu, akawa anakiangalia kile kimashine tu. Waliacha kuongeleshana kuanzia hapo, na kama mmoja anataka maji ya kunywa anapitia kwangu wakati chupa iko mguuni kwa mwenzie.

Sasa njoo kwa dogo.

Dogo alikuwa mwanafunzi wa Dokta wa Maji, mtiifu sana, mtu wa kufuata karatasi. Dokta kaondoka na mita yake kwenda kupima chemchemi ya moto mbali kidogo, kamwachia dogo maagizo, zile chupa za kupima madini zitiwe asidi, fuata karatasi. Na karatasi ilikuwa sahihi kabisa, sampuli ya madini inatiwa asidi ili madini yasigande kwenye kuta za chupa, unatia matone kidogo mpaka pH ishuke chini ya 2, unafunga vizuri, unaweka kwenye baridi. Tatizo ile karatasi iliandikwa kwa ajili ya maji ya mto. Maji ya mto ni mapole. Haya ya Natron ni magadi yaliyokubali kuitwa maji.

Dogo kavaa glovu na miwani, akatia matone. Akachovya kikaratasi cha rangi cha kupimia pH, bluu, yani bado magadi. Akaongeza, bluu. Akaongeza tena, povu likapanda mpaka shingoni mwa chupa, akasubiri likashuka, akachovya, bluu ile ile. Nikamwambia dogo mbona inaumuka hii. Akasema, "Broo, karatasi imesema chini ya 2."

Kulikuwa na mama wa Kimasai alikuja kutuuzia shanga, kasimama anatuangalia muda mrefu, mwisho akauliza, "Ninyi mnapika nini hapo?"

"Tunahifadhi sampuli, mama."

"Hiyo si magadi? Magadi mkitia ndimu si inakasirika."

"Siyo ndimu mama, ni asidi. Ni protokali hii."

Mama akamwangalia, akaangalia ile chupa inavyochemka bila moto, akakusanya shanga zake akaenda kusimama mbali. Mimi ningemfuata ningekuwa na akili. Lakini nikabaki naandika lebo, na dogo alipochoka na jua akafunga vifuniko vyote kwa nguvu alizojaliwa na Mungu, maana karatasi ilisema pia visivuje. Tukavipanga kwenye deli. Barafu yenyewe ilikuwa imeshakuwa uji tangu asubuhi.

Mchana tukaanza kurudi. Barabara pale inapita chini ya Ol Doinyo Lengai, unauona mlima wote juu yako umesimama mita 2,962, na Mtu wa Mawe akiuona ule mlima anasahau hata kama ana buti moja. Akaanza darasa. Kwamba hiyo ndo volkano pekee duniani siku hizi inayotema lava ya kaboneti, yani jamii ya magadi, kwamba lava yake haina moto mkali wa lava zingine, nyuzi 500 mpaka 600 hivi wakati wenzake wanapita 1,000, kwamba inatoka nyeusi inakimbia kama oili chafu halafu ikipigwa na hewa yenye unyevu baada ya muda mfupi inageuka nyeupe. Na kwamba magadi ya ziwani na mlima ni ukoo mmoja.

Dereva wetu, mzee mtu mzima aliyepiga hizo njia miaka mingi, kimya. Kashika usukani mikono miwili.

"Mzee, wewe 2007 ulikuwepo huku?"

"Nilikuwepo."

Basi. Mtu wa Mawe angeishia hapo ingekuwa vizuri lakini wasomi hawaishiagi hapo. Akaendelea, Julai 2007 matetemeko yalipiga mfululizo, mpaka Nairobi watu waliyasikia, Septemba mlima ukalipuka, majivu yakaruka, watu na mifugo wakahama, ila msiogope, mlima huwa unatoa ishara kwanza, huwezi kulipuka tu hivi hiv...

PAAA!

Jamani. Mimi nilikuwa nimeegemea lile deli kwa mgongo. Nilihisi limenipiga teke. Ndani ya gari hakuna aliyesema tairi, na kwa barabara ile pancha ndo kitu cha kwanza mtu hufikiria, lakini tulikuwa tumeshapikwa na ile hadithi, akili zote ziko juu mlimani. Dereva alikanyaga breki, akavuta handibreki, akazima gari, akachomoa ufunguo, akafungua mlango, akaondoka. Vyote hivyo kabla ile PAAA haijamaliza kulia. Mzee wa watu mwenye magoti mabovu, asubuhi tulimsaidia kupanda gari, sasa hivi koti linapepea.

Ufunguo kaenda nao! Yani kama kweli mlima ungekuwa umelipuka sisi wasomi wote watatu, dogo na kibarua tungechomwa pale pale ndani ya gari zima kabisa lenye mafuta nusu tenki.

Halafu angalieni alivyokimbia. Gari limeangalia kusini, mlima uko magharibi. Mzee akakimbia magharibi. Anakimbilia mlima wenyewe! Mtu wa Mawe, ambaye muda huo alikuwa ameinama chini ya dashibodi amekumbatia mfuko wa mawe yake, alinyanyua kichwa akasema kwa sauti ya kidarasa kabisa, "anaenda uelekeo usio sahihi," akainama tena.

Aliyenishangaza ni Dokta wa Ndege. Katulia, katoa darubini, anaangalia nyuma kule ziwani. Nikamuuliza dokta unaangalia nini sasa. Akasema, "Flamingo hawajaruka. Ingekuwa mlima wangeruka." Na lilikuwa neno lake la kwanza tangu ko-ko-ko, akageuka kidogo upande wa mwenzie akaongeza, "Hawa huwa wanaruka hata kwa nyundo."

PAAA ya pili. Hii ilinyanyua mfuniko wa deli, chupa ikatoka ikagonga paa la gari ikarudi ikampiga Mtu wa Mawe kisogoni, na nyuma yake povu. Povu la uvuguvugu, limejaa chumvi, kichwani, shingoni, kwenye daftari la ndege, kwenye mkate wetu. Nilipiga kelele kwamba naungua, nilijua asidi hiyo, nikavua shati ndani ya gari. Dokta wa Maji ndo wakati huo akili zikamrudia, akanusa, akachovya kikaratasi kwenye shingo yangu (shingo yangu!), akasoma rangi, akasema tulia, asidi yote imeshaliwa na magadi, huna tofauti na mtu aliyemwagiwa soda ya chumvi. Nikanawa hata hivyo, na maji ya kunywa ya wote, hakuna aliyenizuia.

Akamgeukia dogo pole pole. "Ulitia matone mangapi?"

Dogo akasema hakuhesabu matone, alihesabu pipeti, vile vimrija vya kunyonyea asidi.

Hapo ndo tukapewa maelezo, tumesimama juani mimi kifua wazi. Kaboneti ikikutana na asidi inatoa gesi, ile ile ya kwenye soda, na maji ya Natron yana kaboneti nyingi mno, ungeweza kumimina asidi mpaka jioni kikaratasi bado kina kiburi. Gesi ikakosa pa kutokea kwa sababu dogo kafunga vizuri, deli likapata joto, barabara ikatikisa. Nikamwambia dokta, mama wa shanga alilisema hilo asubuhi bila pipeti. Hakunijibu.

Kazi iliyobaki ilikuwa mbili, kufungua chupa zilizobaki na kumrudisha mzee. Vijana wachungaji walikuwa wamefika wakiwa na mbuzi zao, wamecheka mpaka wameishikilia mikuki, mmoja akakubali kumfuata dereva. Akarudi peke yake na ujumbe, mzee amesema haji mpaka asikie zote zimetoa pumzi. Basi tukawa tunafungua moja moja, pssss, kijana anapaza sauti kwa Kimasai kule kichakani, mzee anaitikia. Pssss, anaitikia. Mchungaji mdogo kabisa akaniomba chupa moja anywe akidhani ni soda kweli, nikamwonyesha meno yangu nikamwambia mimi nilikuwa nakunywa maji ya namna hii. Akarudisha.

Mzee alipofika hakumsalimia mtu. Akafungua mlango wa nyuma, akaliangalia deli, akasema, "Wakubwa, mngeniambia tu mmebeba bomu ningeomba posho ya bomu." Akataka dogo apande mbele, karibu yake, ambapo anaweza kumwona mikono.

Sasa kitu ambacho hatukukifikiria ni kwamba magadi yakikauka yanabaki. Upepo wa joto, madirisha wazi, kufika Engaruka sote wa nyuma tulikuwa weupe kuanzia nywele mpaka kope, Mtu wa Mawe na buti moja na nundu kisogoni, mimi bila shati, shati lenyewe limekauka linasimama lenyewe. Pale getini kijana wa risiti akaja na kitabu chake, akachungulia ndani, kalamu ikamdondoka.

"Mlima umelipuka?!"

Sote tukafungua midomo kumweleza habari za kaboneti lakini mzee akatuwahi, hakugeuza hata shingo.

"Kata risiti kijana. Tukifika mbali utapigiwa."

Usiku huo mama alinipigia kutoka Ngarenanyuki analia, kasikia sokoni kwamba Lengai imelipuka tena na kuna watafiti wamegeuka weupe, anataka kujua kama na meno yangu yamegeuka.