Rumi na Uajemi: kweli ni uchovu tu uliowamaliza?

Kila mkipiga stori ya Waarabu Waislamu wa karne ya saba walivyozipiga Rumi (ile ya mashariki, makao yake Konstantinopoli) na Uajemi kwa mpigo, lazima atokee mtu aseme walikuta wenzao washachoka kwa kupigana wao kwa wao, vita vya panzi furaha ya kunguru, kesi imefungwa. Mi naona hiyo ni nusu ya jibu.

Nusu yenyewe ina uzito lakini. Khosrow wa Pili, mfalme wa Uajemi, alirudishwa kitini 591 na jeshi la Maurice, Kaisari wa Rumi, sasa 602 mwanajeshi Phocas akampindua Maurice na kumuua, Khosrow akaja juu eti analipa kisasi, alivyoona mlango uko wazi akaanza kujimegea nchi. Yerusalemu ikaanguka 614, msalaba unaoaminika ni wa Yesu ukabebwa, Misri ikafuata na ngano yake, ndo maana Konstantinopoli mkate wa bure ulikatwa 618, halafu hela ya vita ikatafutwa mpaka kwa kuyeyusha vyombo vya kanisa vikawa sarafu. Wanaosoma Suratur-Rum wanajua kilichofuata: Kaisari Heraclius wa Rumi akageuza kibao, akashinda Ninawi Desemba 627. Miaka 25 na ushee ya kuuana, mwisho wa siku mipaka ikarudi pale pale!

Ila kama ni uchovu tu, mbona mmoja alikufa mwingine akabaki? Rumi walipigwa na Waarabu pale Yarmuk 636, Sham (Syria na jirani zake) ikaenda, Misri ikaenda, lakini Konstantinopoli ina bahari na kuta, wakadunda mpaka 1453. Wasasani, yaani ukoo uliotawala Uajemi, kufika 651 chali. Mji wao mkuu, Madain, uko tambarare Iraki, ukitoka jangwani hauko mbali, na Khosrow alivyouawa 628 mwanae Kavad akawachinja ndugu zake kisha naye akafa mwaka huo huo, ikawa leo mtoto, kesho jenerali, keshokutwa binti wa mfalme, mpaka mfalme Yazdegerd anashika 632 hakuna anayemsikiliza mtu.

Na hapa ndo namlaumu Khosrow mwenyewe kuliko uchovu. Waarabu wa Hira, dola ndogo kusini mwa Iraki, walikuwa wanamlindia mpaka wa jangwa, yeye akamuua mfalme wao Nu'man akaivunja ile dola. Haikuchukua muda makabila ya huko yakawapiga Waajemi pale Dhi Qar, Khosrow bado yuko kitini na majeshi yake yanashinda kwingine kote, sasa hapo nani alikuwa amechoka?