Anayetoka katika dini, tusiulize tu nani kamvuta

Mtu wa bara akisilimu hapa Unguja kwa ajili ya ndoa, tunampokea kwa takbira, anapewa jina jipya, na hakuna anayemchimba nia yake. Mtoto wetu akiritadi, jibu tunalo mdomoni: kafuata pesa, kafuata mwanamke, wameshamharibu watalii.

Wazee wanaosema hivyo hawabuni. Ndoa na ajira huwahamisha watu dini, kwa kwenda na kwa kurudi. Kijana wa Micheweni, Pemba, akishapanga chumba Nungwi, kwenye mahoteli ya watalii huku Unguja, mbali na macho ya mama na shangazi, huanza kuacha sala. Imani humtoka baadaye, kimya kimya, bila ya hoja yoyote ya kitabu.

Ila hawako hivyo wote. Katika chuo chetu cha Kurani Wete, mwenzangu aliuliza nani kamuumba Mungu. Alichapwa bakora za mgongo, juzuu ingali mapajani, nasi tukakatazwa kukaa naye. Maalim wetu alitusomesha miaka bila ya ujira wa maana, na hilo silisahau. Tena hadithi ipo: wasiwasi huo ukimjia mtu, ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na akome. Lakini katika Sahih Muslim, masahaba waliposhitaki kuwa nyoyoni mwao yanapita mambo wasiyothubutu kuyatamka, Mtume (s.a.w.) aliwaambia hiyo ndiyo imani ya wazi. Na Nabii Ibrahim, katika Surat al-Baqara aya ya 260, aliomba aoneshwe wafu wanavyohuishwa, ili moyo wake utulie. Alioneshwa. Mwenzangu alipata bakora.

Leo haamini tena, na hajamwambia mtu nyumbani. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, ibara ya 19, inampa uhuru wa kubadilisha dini. Lakini mirathi na ndoa za Waislamu hapa Zanzibar ziko kwa kadhi, na kwa fiqhi Muislamu na asiye Muislamu hawarithiani. Akitamka, mikarafuu ya baba yake itamtoka, na nikaha yake itaingia mashakani. Kwa hiyo anahudhuria maulidi, anafuturu na watu. Sioni dini inafaidika nini na mtu aliyezuiwa na mikarafuu.

Ramadhani iliyopita nilimuuliza kama lile swali bado analo. Alitazama mlangoni kwanza. Kisha akaniambia kwamba tangu siku ile ya bakora, mimi ndiye wa kwanza kumuuliza.