Usitafute Upenyo Kwenye Leseni

Watengenezaji wa programu miliki, yaani zile ambazo msimbo wake umefungwa, wanapotaka kutumia kazi huria, ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, huuliza: niiunganishe vipi ili leseni yake isinibane? Naona wanaanza vibaya. Aliyeandika msimbo ule alikwisha kusema anataka nini, na alisema kabla hujaupakua.

Tena leseni za kazi huria hazifanani. MIT, BSD na Apache 2.0 hazisumbui: hifadhi tamko la hakimiliki na nakala ya leseni, endelea na biashara yako. LGPL inakuruhusu kuunganisha maktaba (msimbo ulioandikwa ili utumiwe na programu nyingine) na programu yako iliyofungwa, mradi mtumiaji aweze kuibadilisha maktaba hiyo na kuitumia humo. GPL ndiyo inayotisha, kwa kuwa ukisambaza programu iliyochanganyika na msimbo wake, yote inapaswa kutoka chini ya GPL, yaani msimbo wako nao uwe wazi. Ukiitumia ndani ya kampuni yako tu, bila kuisambaza, sharti hilo halikugusi. Wengi huogopa bure hapo.

Ubishi mkubwa ni wapi programu moja inaishia na nyingine inaanzia. Free Software Foundation, wenye GPL, wanashikilia kwamba kuunganisha maktaba, iwe wakati wa kuijenga programu au inapoendeshwa, huzaa kazi moja. Programu zinazowasiliana kwa mstari wa amri au soketi (njia ya programu mbili kupelekeana data) kwa kawaida ni mbili, isipokuwa zikibadilishana data za ndani kwa undani mno. Huo ni msimamo wao, si hukumu ya mahakama, lakini mimi naukubali. Ukiandika kijiprogramu cha katikati na kukiita ukuta unaoitenga programu yako na ile ya GPL, wakati programu yako haiwezi lolote bila ile iliyo nyuma yake, umechukua jasho la mtu na kuyakwepa masharti yake.

Mwaka 1992 Bruno Haible, mmoja wa waandishi wa CLISP, programu ya kuendeshea lugha ya Lisp, aliandikiana kuihusu na Richard Stallman, mwanzilishi wa Free Software Foundation. CLISP ilikuwa ikitumia maktaba ya Readline yenye leseni ya GPL. Haible alijitetea kwamba CLISP inaweza kuendeshwa bila Readline. Stallman hakukubali. Mwishowe CLISP ikatolewa chini ya GPL, na nadhani ulikuwa uamuzi wa haki.

Hata hivyo, wenye miradi huria nao wana lawama. Kiini cha Linux, ambacho nacho kiko chini ya GPL, kina tamko la wazi: programu zinazokitumia kwa miito ya kawaida ya mfumo (maombi ambayo programu hukipelekea kiini) hazihesabiwi kuwa zimetokana nacho. Maneno machache tu, na kila mtu anajua mpaka ulipo. Kwa nini miradi mingine ya GPL inayokubali programu-jalizi, yaani nyongeza zinazoandikwa na wengine, inakaa kimya, ikiwaacha watu wabahatishe?

Kama hutaki kufungua msimbo wako, tafuta maktaba nyingine, au ununue leseni ya kibiashara pale inapouzwa, kama ilivyo kwa Qt, zana ya kutengenezea programu zenye madirisha na vitufe. Unaweza pia kumwomba mwenye kazi ruhusa ya pekee, ila fanya hivyo kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Mradi uliochangiwa na watu wengi, kila mmoja akibaki na hakimiliki ya alichoandika, hauna mtu mmoja anayeweza kukupa ruhusa hiyo peke yake.