Wito upo, njia ya kusoma ndiyo haipo

Makala moja niliyoisoma inadai makanisa ya Kilutheri Amerika ya Kusini yana uhaba wa wachungaji kwa sababu vijana wameukimbia wito. Sikubali hata kidogo. Wito upo, kinachokosekana ni njia ya kusoma bila kuacha shamba na familia. ISEDET, chuo cha theolojia cha Buenos Aires, Argentina, iliyowasomesha Walutheri pamoja na Wamethodisti na wengine, ilifungwa mwaka 2015. Kijana wa Bolivia aende wapi? Chuo cha theolojia cha EST kule São Leopoldo, Brazili, kipo tangu 1946, lakini ni mbali na lugha ni Kireno, ilhali Walutheri wengi wa Bolivia ni Waaymara, wenyeji wa asili wa milima ya Andes wenye lugha yao. Nimesali nao El Alto, mji wa Bolivia ulio mita zaidi ya 4,000 juu ya bahari: mahubiri ya Kihispania yote bibi aliyekuwa mbele yangu alikaa kimya, lakini ulipoanza wimbo wa Kiaymara alisimama na mjukuu mgongoni, akaimba mpaka machozi. Wapresbiteri wa Guatemala walianza mwaka 1963 kuwapelekea wanafunzi masomo huko huko walikoishi. Kwa nini Walutheri wasiutilie nguvu mpango wa namna hiyo, tena kwa Kiaymara? Wainjilisti wetu wa KKKT mnaosoma uchungaji huku mnahudumu mitaani, ninyi mnamudu vipi?