Kukaza tabo Dodoma: nguvu unapata, ila uliza kwanza ni injini gani

Ubishi wa kuongeza busti, yaani msukumo wa hewa ambayo tabo inaijaza kwenye injini, hauishi, nenda gereji yoyote hapa mjini utawakuta wawili, mmoja anasema kiwandani wanabana nguvu makusudi kwahiyo kaza wesigeti, ile valvu inayoizuia tabo isizidishe busti, gari ipae, mwingine anasema ukigusa tu umeshaua injini. Mi naona wote wana hoja, shida kila mmoja ana injini yake kichwani. Wa kwanza anawaza dizeli, wa pili anawaza Subaru.

Na kuna kitu wote wanakisahau, hewa ya huku. Dodoma tuko mita 1,100 na ushee kutoka usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa unapungua kama asilimia 12 ukilinganisha na Dar. Ndo maana mtu aliyehama na serikali kuanzia 2016 akikwambia gari yake imelegea usimcheke, kama haina tabo amesema kweli. Yenye tabo inajitetea ila sio kabisa. Wesigeti ya springi tu, zile za zamani, inahesabu kilichozidi hewa ya nje, geji ya busti ikisoma bar 1 (bar ni kipimo cha mgandamizo, hewa ya pwani yenyewe ni kama 1) pale Dar injini inapata kama bar 2 kamili ukijumlisha na hewa ya nje, hapa geji inasoma ile ile 1 lakini injini inapata 1.88 hivi. Geji haidanganyi ila haikwambii yote. Gari za kompyuta nyingi zinapima hewa yenyewe na zinajirekebisha, zile hazihitaji msaada wako.

Sasa wanaotetea kukaza. Kwenye dizeli hoja yao ina nguvu kuliko watu wanavyodhani, maana dizeli inafurahia hewa nyingi, ukiongeza hewa kidogo bila kugusa mafuta moto wa ndani ya silinda unapungua na moshi mweusi unapungua. Mtu anayepanda Nyang'oro kwenda Iringa na mzigo, au Sekenke, kwake hiyo sio starehe, ni kuvuka mlima gari isichemke. Tatizo hakuna anayeishia hapo!! Akishakaza tabo anaona haitoshi, anaenda kwenye pampu anafungulia mafuta, na hapo ndo nguvu inapokuja kweli na hapo hapo ndo pistoni zinapoyeyuka. Mafundi wengi wa dizeli hawapendi moto wa ekzosi ukae juu ya nyuzi 700 kwa muda mrefu, na mlima mrefu ukiwa na mzigo ndo muda mrefu wenyewe, sio kama kuovateki basi mara moja. Bila geji ya joto la ekzosi unaendesha kwa imani tu.

Alafu kuna 1HZ, injini ya dizeli ya Land Cruiser. Hii Toyota waliitoa bila tabo, ina vyumba vidogo vya kuwashia kwenye hedi na mgandamizo wa zaidi ya 22 kwa 1, yaani inabana hewa mpaka nafasi ndogo zaidi ya mara 22, watu wanaifunga tabo ya mtaani na kuipa busti kama ya 1HD-T, dizeli nyingine ya Toyota ambayo ilizaliwa na tabo. Inatembea, nakubali, tena inatembea vizuri. Ila ukizidi kupandisha busti unatafuta hedi nyingine.

Kwenye petroli mi nipo na wanaokataa, karibu moja kwa moja. Hewa ikibanwa mara mbili bila intakula, ile rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye tabo, inapita nyuzi 100 kirahisi, na jua letu la mwezi wa kumi na moja halisaidii. Hewa ya moto na busti kubwa mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga, pistoni inapasuka. Subaru za tabo kutoka Japani nyingi zilipangiwa petroli ya oktani ya juu ya kwao (oktani ni kipimo cha petroli kuvumilia kubanwa bila kugonga), ambayo inaanzia 96, sasa jiulize pampu unayojazia wewe ina ngapi. Kukaza wesigeti bila kupanga upya mafuta na taimingi, yaani muda wa plagi kutoa cheche, ni kucheza kamari na injini.

Kingine, busti nyingi zinazotafutwa zimepotelea njiani. Ea klina imejaa vumbi la Chemba na Kondoa, au mpira wa intakula una ufa, gari inafoka moshi na inapiga mluzi mwenye nayo anataka tabo ikazwe. Hapo unailazimisha tabo inayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika iongeze tena mwendo kufidia hewa inayovuja. Safisha, ziba, alafu ndo upime.

Baada ya hapo kama ni dizeli ya zamani yenye wesigeti ya springi iliyotoka na tabo yake, ina intakula na beringi za tabo hazichezi, sioni ubaya wa kuongeza bar 0.1 hadi 0.13 na pampu ukaiacha kama ilivyo, maana hiyo ni ile tu ambayo mwinuko umekunyang'anya. Ila kama kila wiki unashuka Dar iache, kule chini hiyo 0.13 inakuwa ya ziada.