Kukopeshwa Wakati wa Kusi

Kwenye baraza za Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, deni la taifa huzungumzwa kwa namna mbili. Mmoja husema mashirika ya kigeni yanayotupa daraja la kukopesheka yanatuonea. Mwenziwe humjibu: lipa deni lako, uone nani atakuonea. Mara nyingi huyu wa pili ndiye anayenyamazisha baraza. Mimi naona anashinda kwa urahisi mno.

Tarehe 8 Julai 2024, Moody's, mmoja wa wapimaji watatu wakubwa wa madaraja hayo, iliishusha Kenya kutoka B3 hadi Caa1, ngazi moja chini. Sababu ilielezwa waziwazi: serikali imeuondoa Mswada wa Fedha uliokusudiwa kuleta shilingi bilioni 346, kwa hiyo uwezo wake wa kupunguza nakisi, yaani pengo kati ya mapato na matumizi, kwa njia ya kodi umedhoofika. Kihesabu ni kweli. Riba peke yake ilikuwa inakula takriban theluthi ya mapato ya serikali, na anayekopesha ana haki ya kulijua hilo. Agosti, wapimaji wengine wawili, Fitch na S&P, nao wakatutoa B na kututia B-.

Lakini mswada ule uliondolewa kwa sababu vijana walijaa barabarani, Nairobi hadi Mombasa, kuukataa. Ulipoletwa ulitaka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate. Kufikia Julai 1, tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa. Wiki moja baadaye daraja likashuka. Serikali imelazimishwa na raia wake kusikia, na kwenye jedwali la mkopeshaji tukio hilo likaandikwa kuwa udhaifu wa kukusanya kodi.

Mvuvi wa hapa anamjua mkopeshaji wake kwa sura. Ni tajiri, mwenye mashua na nyavu, anayetoa pesa za mafuta na barafu kisha anachukua samaki kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Simtetei, maana wapo manahodha waliozeeka wangali wakidaiwa. Ila tajiri anaijua kusi. Bahari inapochafuka kati ya Mei na Agosti, vyombo vidogo vinakaa ufuoni, na hamna tajiri atakayesimama gatini mwezi wa saba kutangaza kwamba nahodha fulani hakopesheki tena. Akitangaza, wengine watamnyima mafuta, kaskazi itafika chombo kikiwa bado juu ya mchanga, na hapo ndipo pesa zake zitapotea kweli. Lakini daraja la nchi hutangazwa hivyo, katikati ya dhiki, na tangazo lenyewe huongeza dhiki. Siku chache baada ya kuishusha Kenya, Moody's ilizishusha pia KCB, Equity na Co-operative, kwa kuwa benki hizo zimeshikamana mno na serikali inayozikopa.

Kuna hesabu moja ambayo siwezi kuiacha. Juni 2014 Kenya iliuza hatifungani (hati ya mkopo inayouzwa kwa wakopeshaji) yake ya dola ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 6.875. Februari 2024, ili kuilipa hiyohiyo kabla haijaiva, ilikopa dola bilioni 1.5 kwa gharama ya asilimia 10.375. Tofauti ni asilimia 3.5. Tusiidai yote. Hatifungani za serikali ya Marekani zenyewe zilipanda kutoka takriban 2.6 hadi 4.2 kati ya miaka hiyo miwili, na hilo halikuwa kosa letu wala la wapima madaraja. Inabaki asilimia 1.9, bei ya kuogopwa. Kwa dola bilioni 1.5 ni dola milioni 28.5 kila mwaka, karibu shilingi bilioni 3.7 kwa bei ya shilingi 129. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi takriban 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa maeneo waliyoyapoteza bandari ilipojengwa, na malipo hayo yakavutwa miaka. Woga wa wakopeshaji kwa mkopo huu mmoja unakula zaidi ya maradufu ya fidia ile, na unakula kila mwaka.

Woga huo una sababu zake. Msumbiji, kwenye bahari hiihii yetu, ilikopa dola milioni 850 mwaka 2013 kwa jina la meli za kuvua jodari, kisha 2016 ikafichuka kwamba kulikuwa na mikopo mingine ya zaidi ya dola bilioni 1 iliyofichwa. Mzee wa Uingereza ambaye akiba yake ya uzeeni imo kwenye hatifungani kama hizo hana baraza la kuulizia sifa za mdaiwa. Anahitaji mtu wa kumpimia. Ni kweli pia kwamba wapimaji hao hawakuiona mikopo ile hadi ilipofichuliwa.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni ya 2025. Mwanzoni mwa mwaka huo, daraja likiwa chini kuliko mwaka uliotangulia, Kenya ilikopa tena dola bilioni 1.5, na gharama ikashuka hadi asilimia 9.95. Basi daraja halipangi bei peke yake. Nakubali. Shilingi ilikuwa imetulia, na wanunuzi waliliona hilo wenyewe. S&P iliturudisha B Agosti, nusu mwaka baada yao.

Umoja wa Afrika unataka shirika letu wenyewe la kupima madaraja. Nalitakia heri, ingawa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ilipokadiria 2023 kwamba upimaji wenye upendeleo unaigharimu Afrika dola bilioni 74.5, wengi walilishika tarakimu hilo wakasahau kuuliza kama wakopeshaji wa London watamwamini mpimaji wa nyumbani. Ningependa kwanza hawa watatu walioko waseme wazi, katika kila ripoti, ni kiasi gani cha alama kimeshushwa na msimu na kiasi gani na tabia ya mdaiwa.

Kwa sasa, B ya S&P imerudi. Hatifungani ya Februari 2024 imeandikwa riba ya asilimia 9.75 (ile 10.375 ni pamoja na punguzo la bei walilopewa wanunuzi), na italipwa hivyo hadi 2031.